Hendeli ya dirisha inagoma kuloki: usikimbilie kununua nyingine

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina madirisha ya alumini yanayofunguka kwa nje, bawaba zake ziko pembeni. La chumbani, hendeli inashuka karibu yote halafu inagoma, na ufunguo hauzunguki. Nilidhani imekufa, nikanunua mpya na kuifunga mwenyewe, lakini tatizo liko palepale. La sebuleni ni kinyume chake: hendeli inazunguka bure kama feni, dirisha linabaki limeegeshwa tu. Je, niliuziwa hendeli mbovu? Na hilo la pili nianzie wapi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Sidhani kama uliuziwa mbovu. Nadhani hata ile uliyoitoa ilikuwa nzima.

Kabla ya kushika bisibisi, fungua dirisha la chumbani liwe wazi kabisa, kisha zungusha hendeli hivyo hivyo hewani kana kwamba unafunga. Ikienda laini mpaka mwisho na ufunguo ukakubali, basi hendeli ni nzima, na mtambo uliofichwa ndani ya bawa (ile sehemu inayofunguka, yenye kioo) nao ni mzima. Ugomvi uko pale bawa linapokutana na fremu. Ikigoma hata dirisha likiwa wazi, ugomvi uko ndani ya bawa lenyewe. Jaribio hili halichukui dakika moja, na lingekuokolea hela ya hendeli. Usijilaumu lakini. Nilipoanza kazi hii nilibadilisha hendeli tatu kwenye nyumba moja, moja baada ya nyingine, mwenye nyumba akiniangalia tu, na hakuna hata moja iliyoloki.

Sababu ni hii. Hendeli yenyewe haifungi kitu. Nyuma yake kuna pini ya mraba, mara nyingi ya milimita 7, inayoingia kwenye giaboksi ndogo ndani ya bawa. Ukizungusha hendeli, giaboksi inasukuma ufito wa chuma juu au chini kando ya bawa. Ufito huo una vifundo, na kwenye fremu kuna vidaka vinavyovipokea. Kifundo kikiingia vizuri kwenye kidaka, dirisha linavutwa na kukandamiza mpira. Kikigonga ukingo wa kidaka, ufito unasimama, giaboksi inasimama, na mkononi mwako unahisi hendeli imegoma. Ufunguo nao umetengenezwa ukubali pale tu hendeli inapofika mwisho kabisa. Ikipungukiwa hata kidogo, utauzungusha mpaka uupinde.

Na tafadhali, hendeli ikigoma usiisindikize kwa nguvu. Hendeli nyingi ni za aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, ambayo haipindi, inakatika tu. Isipokatika yenyewe, meno ya giaboksi ndiyo yanayolika.

Sasa angalia kwa nini vifundo haviingii. Funga dirisha bila kuloki, simama mbele yake, tazama mwanya kati ya bawa na fremu pande zote nne. Unatakiwa ulingane. Dirisha lililolegea bawaba hujionyesha lenyewe: mwanya wa juu upande wa hendeli ni mpana, wa chini upande huohuo umebana, kwa sababu bawa limelala kwa uzito wa kioo. Kisha lifungue, pitisha kidole kwenye vidaka. Kile kinachogongwa utakiona kina mkwaruzo mpya unaong'aa, na rangi imetoka. Kama huoni kitu, paka chaki kwenye vifundo, funga, jaribu kuloki, fungua tena. Chaki itakuonyesha panapogongwa, na pamepishana kwa milimita ngapi.

Kama bawa limelala, anza na skrubu za bawaba. Kaza zote, za kwenye bawa na za kwenye fremu. Inayozunguka bila kushika, tundu lake limelika: weka nene kidogo, ya chuma kisichoshika kutu, yenye kichwa bapa ili isizuie bawaba kujikunja. Kama mikono ya bawaba yenyewe imepinda au imelegea kwenye viungo vyake, badilisha jozi nzima, wa juu na wa chini. Kubadilisha mmoja ni kuahirisha kazi. Hapa nakuomba uwe na mtu wa pili wa kushika bawa. Kioo ni kizito kuliko kinavyoonekana, na kwa dirisha la ghorofani, linalofunguka kwa nje, kazi hiyo mwachie fundi.

Bawaba zikiwa nzima na bawa bado limelala, kosa liko kwenye vipande vya plastiki vilivyobana kioo ndani ya bawa. Kioo ndicho kinacholishikilia bawa lisipinde. Kinatakiwa kibanwe kona ya chini upande wa bawaba, na kona ya juu upande wa hendeli, ili uzito uende kimshazari hadi kwenye bawaba ya chini. Vipande hivyo vikihama au vikisahauliwa, bawa linakuwa kama fremu ya picha iliyotoka misumari. Ni kazi ya kutoa vizuizi vya kioo, kuinua kona kwa kabari ya plastiki na kuongeza kipande chembamba. Nimeona madirisha mengi yakilaumiwa hendeli kwa kosa hili, pengine kuliko kosa lingine lolote.

Mwanya ukiwa sawa pande zote, shughuli ni ndogo. Vidaka vingi vina matundu marefu ya skrubu: legeza, sogeza milimita moja au mbili kufuata alama ya chaki, kaza, jaribu. Baadhi ya vifundo navyo vinarekebishika; katikati vina tundu la alenki, na ukivizungusha vinasogea kuelekea kwenye mpira au mbali nao. Kama hendeli inafika mwisho kwa kukamuliwa, legeza kidogo. Kama inafika lakini upepo unapita, kaza. Kipimo changu ni karatasi: funga dirisha juu ya kipande cha karatasi, kivute. Kikitoka bila kubishana, mpira haujabanwa.

Turudi kwenye ile nyingine, kugoma hata dirisha likiwa wazi. Kabla hujalaumu giaboksi, legeza skrubu mbili za hendeli nusu mzunguko na ujaribu tena. Zikikazwa kupita kiasi, au zikiwa ndefu kuliko zinavyotakiwa, ncha zake zinabana mtambo wa ndani. Nakutajia hili kwa sababu umefunga hendeli mpya mwenyewe, na skrubu za kwenye pakiti si lazima zilingane na dirisha lako. Kama hazihusiki, basi ni vumbi: futa ufito, tia matone machache ya mafuta mepesi ya mashine, zungusha mara kumi. Usitie mafuta ya kupikia, yanaganda na kushika vumbi upya. Tundu la ufunguo usilitie mafuta kabisa; unga wa risasi ya penseli unatosha.

La sebuleni ni hadithi nyingine. Hendeli inayozunguka bure inasema kitu kimoja: nguvu ya mkono wako haifiki kwenye ufito. Ama pini imekatika au ni fupi, ama giaboksi imekufa. Kama dirisha halijashikwa, lifungue kwanza, usifanye kazi hii likiwa limefungwa. Telezesha au inua kifuniko cha hendeli, izungushe nyuzi 90 skrubu zionekane, ziondoe, uivute nje. Tazama pini. Inatakiwa iwe na kona nne kali. Kama kona zimeviringika au pini inacheza kwenye hendeli, umempata mhalifu. Pini fupi nayo ni tatizo, maana inashika giaboksi kwa ncha tu, na siku moja inateleza.

Ukienda kununua, usiseme tu "nataka hendeli ya alumini". Nenda na vipimo: unene wa pini, urefu wake kuanzia kwenye kitako cha hendeli, na umbali kati ya matundu mawili ya skrubu, ambao kwa hendeli nyingi za aina hii ni milimita 43. Kama shingo ya hendeli imepinda pembeni, taja pia ni ya kulia au ya kushoto. Pini ikiwa ndefu kidogo si neno, utaikata kwa msumeno wa chuma na kulainisha ncha kwa tupa. Iliyo fupi irudishe.

Lakini usinunue bado. Ile hendeli ya zamani uliyoitoa chumbani natumaini hukuitupa. Ichukue, linganisha urefu wa pini, ichomeke kwenye giaboksi ya sebuleni bila skrubu, uzungushe. Vifundo vikipanda na kushuka, giaboksi ni nzima, na hendeli ya kubadilishia unayo mkononi. Visipotikisika, giaboksi ndiyo iliyokwisha: fungua skrubu za ufito kandoni mwa bawa, uutoe wote, na upeleke dukani huo mzima kama ulivyo.