Swali la Lugha: Kanisa kuu au kanisa kubwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninafasiri kwa Kiswahili makala ndefu kuhusu jengo mashuhuri la Chartres, nchini Ufaransa. Nilitumia neno "kathedrali", lakini mhariri wangu amelifuta kila mahali na kuweka "kanisa kubwa", akidai kwamba hicho ndicho Kiswahili safi. Hakugusa "nguzo zinazoruka", "vioo vyenye madoa" wala "kwaya ya jengo", maneno ambayo mimi mwenyewe yananitia wasiwasi. Je, "mtindo wa Kigothi" maana yake ni kwamba Wagothi ndio waliolijenga? Tena, mwishoni makala inasema kwamba mwaka 1836 "msitu" wa kanisa hilo uliungua. Kwani lilijengwa porini?

JIBU: Marahaba. Mhariri wako amefuta palipokuwa sawa na kuacha palipokuwa pabovu, jambo ambalo huwatokea hata wahariri wazuri wanapolitazama neno lenye sura ya kigeni kwa jicho la mashaka na kulipita bila kulihoji lile lenye sura ya kwetu.

Tuanze na kathedrali. Neno hili chimbuko lake ni Kigiriki, likapitia Kilatini, na kiini chake ni kiti. Kiti chenyewe ni kile cha askofu, alama ya mamlaka yake ya kufundisha na kuongoza katika jimbo lake. Kanisa lenye kiti hicho ndilo kathedrali, hata likiwa na ukubwa wa ukumbi wa shule, na lisilokuwa nacho haliwi kathedrali hata minara yake ikigusa mawingu. Mjini Ulm, Ujerumani, lipo kanisa la Kilutheri lenye mnara wa mita 161.5, unaouzidi kwa mbali ule mrefu wa Chartres, wenye takriban mita 113, na kanisa hilo halijawahi kuwa kathedrali hata siku moja. Kwa upande mwingine, kanisa la Kianglikana la Mkunazini, Unguja, lililoanza kujengwa mwaka 1873 penye soko la watumwa chini ya uangalizi wa Edward Steere, askofu ambaye alikuwa pia mwanasarufi wa Kiswahili, ni dogo sana ukililinganisha na Chartres, lakini ni kathedrali kamili.

Mfano unaonifurahisha zaidi ni wa Saint-Denis, karibu na Paris. Hapo ndipo Abate Suger alipojenga sehemu ya mashariki ya kanisa la monasteri yake, iliyozinduliwa mwaka 1144, ambayo wanahistoria wengi huihesabu kuwa mwanzo wa mtindo wa Kigothi. Ukubwa lilikuwa nao, na wafalme wa Ufaransa walizikwa humo, ila kiti cha askofu hakikuwamo. Liliitwa kathedrali tangu mwaka 1966 tu, jimbo jipya lilipoundwa. Aliyeandika "Kathedrali ya Saint-Denis" mwaka 1960 alikosea, na anayeandika hivyo leo amepatia, ingawa hakuna jiwe lililoongezwa ukutani kwa ajili hiyo.

Bila shaka mhariri wako alikuwa na "kanisa kuu" akilini, mkono ukamponyoka akaandika "kanisa kubwa". Tofauti ya vivumishi hivi viwili ni kongwe katika Kiswahili na haina haja ya kutetewa na kamusi. Dodoma ni mji mkuu wa Tanzania, na Dar es Salaam ndilo jiji kubwa kuliko yote nchini. Mwalimu mkuu anaweza kuwa mfupi kuliko wanafunzi wa darasa la saba, lakini akija shuleni mwalimu mpya mnene, hatutasema cheo kimehama. "Kubwa" hutaja kimo, upana au wingi, ilhali "kuu" hutaja daraja. Kwa hiyo "kanisa kuu" ni tafsiri nzuri ya kathedrali, tena ndiyo inayotumiwa na Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri wa Afrika Mashariki katika barua zao rasmi. Tahadhari ni moja tu: usidhani kwamba kanisa kuu lazima liwe katika jimbo kuu lenye askofu mkuu. Chartres ni jimbo la kawaida chini ya askofu wa kawaida, na bado kanisa lake ni kanisa kuu.

Mimi ningeandika "Kathedrali ya Bikira Maria ya Chartres" mara ya kwanza, kisha nikaendelea na "kanisa kuu" au "kathedrali" kadiri sentensi inavyotaka. Kathedrali huingia katika ngeli ya I-ZI, yaani kathedrali hii, kathedrali hizi. "Makathedrali" nimeyaona yakichapishwa, na sikio langu limeyakataa.

Kuhusu Kigothi, Wagothi hawakuweka hata tofali Chartres. Hao ni watu walioteka mji wa Roma mwaka 410, na walikuwa wamekwisha kutoweka kama taifa karne nyingi kabla ya jengo hili kusimama. Katika karne ya 16, Giorgio Vasari, mchoraji na mwandishi wa Italia aliyependa majengo ya Kirumi, aliyadharau majengo ya Zama za Kati na kuyanasibisha na Wagothi, kana kwamba anasema ni kazi ya washenzi. Tusi likazoeleka, likapoteza makali, likawa jina. Katika karne ya 13 yenyewe kulikuwa na walioiita ujenzi huu "kazi ya Kifaransa", jina linalosema kweli zaidi. Andika "mtindo wa Kigothi" kwa herufi kubwa, ila epuka "sanaa ya Wagothi", kwa maana hapo kiambishi WA- kitakuwa kimewapa watu hao kazi wasiyoifanya.

Jambo jingine hukuliuliza, lakini nimeliona katika kurasa ulizoniambatishia. Umeandika kwamba kanisa "lilizinduliwa" mwaka 1260. Kuzindua si kosa, nami nimekitumia kitenzi hicho hapo juu kwa Saint-Denis, lakini siku hizi tunazindua kila kitu, kuanzia kampeni hadi sabuni, na waumini wanalo neno lao mahususi, nalo ni kutabaruku. Wakatoliki husema kanisa limetabarukiwa, yaani limewekwa wakfu kwa ibada maalumu, na neno hilo linafaa sana hapa kwa sababu tarehe za Chartres huchanganya. Kanisa lililotangulia liliteketea kwa moto mwezi Juni mwaka 1194. Upande wa mbele wa magharibi pamoja na mlango wake mashuhuri wa kifalme, na ukumbi wa chini ya ardhi, vikanusurika. Watu wa mji walidhani kwamba masalia yao matukufu, vazi lililoaminika kuwa la Bikira Maria, yameungua. Siku chache baadaye yalitolewa salama kutoka chini, na huzuni ikageuka ari ya kujenga. Kufikia mwaka 1220 hivi dari ya mawe ilikuwa imekwisha kufunika sehemu iliyo kubwa ya kanisa, mwendo wa kasi ajabu kwa jengo lenye urefu wa mita 130. Kutabarukiwa kulingoja hadi Oktoba 1260, mbele ya Mfalme Louis wa 9. Ukisema tu "lilizinduliwa 1260", msomaji atadhani kwamba ndiyo kwanza watu walianza kuingia, wakati walikuwa wakisali humo tangu zamani.

Sasa nguzo zako zinazoruka, yaani yale matao ya nje yanayoushikilia ukuta wa kanisa. Kiingereza kimeyaona mabawa katika tao hilo kwa kuwa linavuka hewani. Kifaransa, lugha ya nchi ulikozaliwa mtindo huu, kimeiona kazi yake, kikaliita tao linalosukuma. Kiswahili nacho hakihitaji mabawa, kwa sababu kina mwega. Mkulima akiona mgomba umebeba mkungu mzito na umeanza kuinama, huuchomekea mti wenye panda ili usilale chini, na mti huo ni mwega. Ukuta ulioanza kubonyea nao huwekewa mwega. Kathedrali ya Kigothi ina shida hiyo hiyo kwa kipimo kikubwa mno. Dari ya mawe ya Chartres iko takriban mita 37 juu ya sakafu, na dari ya matao hailemei chini tu, bali huzisukuma kuta kwenda nje, kama abiria anayetanua viwiko ndani ya daladala iliyojaa. Waashi wakasimamisha nguzo nene nje ya jengo, kisha kutoka kwenye nguzo hizo wakarusha matao juu ya paa za mapito ya kando hadi yakaugusa ukuta mahali hasa unaposukumwa. Chartres matao hayo yamepandana, na mawili ya chini yameunganishwa kwa vinguzo vifupi vilivyotawanyika kama njiti za gurudumu. Basi andika "matao ya mwega". Msomaji atajua yanafanya nini kabla hujamweleza, na hata atakapofika kwenye habari ya kathedrali ya Beauvais, pia nchini Ufaransa, ambako dari ilipandishwa hadi mita 48 na sehemu yake ikaanguka mwaka 1284, ataelewa kwamba kazi hiyo haikuwa mzaha.

Kwa kuwa mwega umebeba msukumo, ukuta wenyewe ukabaki na kazi ndogo, na ndiyo maana uliweza kutobolewa kuwa madirisha. Kule Chartres kuna madirisha 176. Nawe umeyaziba kwa "vioo vyenye madoa", kana kwamba mhudumu amesahau kuyafuta. Doa ni uchafu au dosari, nalo halina nafasi hapa. Sema "vioo vya rangi". Usiseme "vioo vilivyopakwa rangi", maana sehemu kubwa ya rangi haikupakwa juu. Ilitiwa ndani ya kioo kingali kikiyeyuka tanuruni, kwa kuchanganya madini, na ile buluu inayowafanya watu waende Chartres hutokana na kobalti. Kilichochorwa kwa brashi ni mistari ya nyuso, mikunjo ya nguo na vivuli, kisha kikachomwa tena ili kishike. Vipande vikaunganishwa kwa vipapi vya risasi. Ukisogea karibu na sehemu za chini za baadhi ya madirisha utawaona mafundi viatu, waoka mikate na maseremala wakiwa kazini, na vifaa vyao mkononi, na hapo msamiati wako wa kawaida wa sokoni utakutosha bila kuunda neno hata moja. Mwaka 1939, vita vilipokaribia, vioo hivyo viliondolewa na kufichwa. Hapo napo umeandika "viliibwa", nadhani kwa haraka.

Neno "kuba" ulilolitumia kwa dari liondoe. Kuba ni paa la mviringo lililofura kama bakuli lililofunikizwa, kama makuba ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, uliopanuliwa katika karne ya 14 kwa mawe ya matumbawe na chokaa. (Msikiti *mkuu*, unaona.) Chartres haina kuba. Ina dari ya matao yenye mbavu, na "mbavu" waweza kulitumia bila woga, kwa kuwa picha yake ni ya mwili na kila mtu anao.

"Kwaya ya jengo" itamfanya msomaji asikie nyimbo. Katika Kiswahili kwaya ni waimbaji, basi. Makala yako inazungumzia upande wa mashariki wa kanisa, waliposimama mapadre wakati wa ibada. Sema "sehemu ya altare", au "madhabahu" ikiwa wasomaji wako wengi ni Waprotestanti. Ule ukumbi mrefu wa katikati, ambao lugha za Ulaya huuita kwa jina lililotokana na meli, uite "ukumbi wa kati". Najua jahazi linavutia, lakini litazamisha sentensi.

Limebaki la msitu. Hapana, kanisa halikuwa porini. Liko kileleni mwa kilima, katikati ya mji. Juu ya dari ya mawe kulikuwa na kenchi za mbao, na mbao hizo zilikuwa nyingi na zimesongamana kiasi kwamba Wafaransa waliziita msitu. Jina hilo hilo lilitumiwa kwa kenchi za Notre-Dame ya Paris, zilizoungua Aprili 2019. Za Chartres ziliungua mwaka 1836, na kwa kuwa chini yake palikuwa na dari ya mawe, moto haukuliteketeza kanisa. Andika "msitu" ndani ya alama za kunukuu mara moja, ueleze kwamba ni kenchi, kisha utumie kenchi hadi mwisho. Kenchi mpya zilitengenezwa kwa chuma, zikaezekwa mabati ya shaba, na shaba hiyo kwa miaka mingi ya mvua na hewa imegeuka rangi. Kwa hiyo ukikuta mwandishi wako anasifu paa la kijani la Chartres, usije ukaandika kwamba limeezekwa kwa majani.