Barua kwa mwanangu: wiki yetu hapa Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Nkuhungu. Baba yako hajambo, bibi yako kule kijijini hajambo, upepo tu na vumbi lake ndio vinatusumbua. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Umeuliza: "Mama, nyie hamwendi likizo popote, mbona hamchakai kama mimi? Wiki yenu huwa inakuwaje?" Nimeona nikuandikie kwa kituo, maana kwenye simu tungeishia kuulizana hali.

Kuchoka tunachoka, mwanangu. Darasa la pili si mchezo, na baba yako huko gereji anarudi mgongo haunyooki. Ila hatungoji Desemba ndipo tupumzike. Kila wiki ina saa zake za kutua mzigo, na saa hizo hatumpi mtu, hata kama kuna kikao cha harusi.

Jumatatu na Jumanne sina la kukusimulia: shule, madaftari, kulala. Jumatano jioni ndiyo yangu. Simu naiacha chumbani, naingia jikoni kupika mlenda mkavu aliouanika na kuutwanga bibi yako. Maji yakichemka natia magadi kidogo tu, nyanya zilizokatwa ndogondogo, kisha unga wa mlenda nausambaza polepole huku mkono mwingine unazungusha upekecho. Hapo huwezi kufikiria jambo jingine. Ukizubaa unafanya mabonge, ukiacha moto mkali unafurika hadi kwenye mafiga. Karanga za kutwanga zinaingia mwisho, na jikoni panaanza kunukia nyumba ya bibi yako. Tunakula na ugali wa uwele, baba yako ananyamaza kabisa mpaka sahani iishe. Nikitoka pale kichwa kimetulia kuliko ningelala mchana kutwa.

Alhamisi na Ijumaa zinapita. Wakati wa zabibu, kuanzia Februari na tena kuanzia Agosti, Ijumaa napitia soko la Majengo kununua zile nyeusi za Mpunguzi, nasogoa na akina mama wanaouza, ndiyo starehe yenyewe.

Jumamosi ni mnada wa Msalato. Baba yako anasema anakwenda kuulizia bei ya mbuzi, na mbuzi hanunuliwi. Mimi namwelewa. Anakwenda kukaa kwenye benchi na wenzake, nyama ichomwe mbele ya macho yao, wabishane mvua itaanza lini. Hapa kwetu msimu wa mvua ni mmoja tu, Desemba hadi Aprili, kwa hiyo mazungumzo hayo hayaishi. Anarudi amekunja sura kwa jua, lakini anacheka.

Na jioni yake tunasikiliza muziki wetu. Hili ndilo nilitaka ulisome vizuri, kwa sababu naona huko Dar umeanza kuliacha. Unakumbuka ilimba ya babu yako, ala ya vijichuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ile yenye vijitundu vilivyozibwa kwa utando wa buibui? Utando ule ndio unaofanya sauti itetemeke, ukiutoa inabaki milio mikavu ya chuma. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa hapa hapa, aliipeleka ilimba na zeze mbali sana duniani kabla hajafariki mwaka 2003. Mzungu akiisikia anashangaa, na mtoto wetu hajui hata inavyoshikwa! Inaniuma, nakwambia kweli.

Kuna Jumamosi tunakwenda Chamwino kina mama wakipiga muheme. Wanasimama wamebana ngoma katikati ya mapaja, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaudaka kwa sauti zilizopandana, na mabega yanakwenda yenyewe. Mara ya mwisho alikuwepo bibi mmoja mzee, mwembamba, fimbo yake ameiegemeza ukutani, ngoma anaipiga kuliko wasichana. Nilijiunga kwenye kiitikio. Sauti ilinikauka mpaka Jumatatu, na watoto darasani walifurahi kwa sababu sikuweza kuwakemea.

Jumapili ni kanisa, kisha mchana hatupokei mgeni asiyetoa taarifa. Tunafagia uwanja, naloweka sare, tunalala mapema.

Sasa wewe. Umeniambia Jumamosi unafua, unajibu ujumbe wa kazini, halafu unalala na simu usoni. Hapo hujapumzika, mwanangu. Chagua jioni moja katikati ya wiki, uwaambie kazini kabisa kwamba siku hiyo hupatikani. Upike kitu kinachotaka mikono yako miwili. Mlenda nitakufungia kwenye kopo, magadi utapata soko lolote huko. Na utafute watu wa kuimba nao, kwaya au kikundi cha ngoma, chochote chenye watu wanaokutegemea ufike.

Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024 huna kisingizio, ni mwendo wa saa nne hivi tu na umefika. Panda ya Ijumaa jioni, baba yako atakufuata stesheni na pikipiki. Jumamosi twende Chamwino, na ukiongeza siku moja ya ruhusa tutafika Kolo, Kondoa, ukaone michoro ya mapangoni uliyoisoma tu shuleni. Niambie mapema ni Ijumaa ipi, nimwombe bibi yako atwange karanga za kutosha.

Mama yako