Anko Fundi Anajibu: Hivi Nokia Ilikuwa ya Wapi, na Ilikufa Kweli?

Toleo lililopita niligusia tu kiswaswadu changu cha Nokia, kumbe nimechokoza nyuki. Barua karibu zote zimekuja na habari hiyohiyo. Nimechukua nne, wengine mnisamehe, nafasi ni ndogo.

SWALI: Shikamoo anko. Tunabishana na shemeji hapa dukani, yeye anasema Nokia ni ya Wajapani, eti hata jina linasikika kama Hitachi. Mimi nasema ni ya Ulaya. Tumewekeana kreti ya soda. Nani analipa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Shemeji alipe, na mwambie ziwe za baridi. Nokia ni ya Finland, na jina ni la mji mdogo ulioko kando ya mto karibu na Tampere. Mwaka 1865 injinia wa migodi anaitwa Fredrik Idestam alifungua kinu pale Tampere cha kusaga miti iwe rojo la kutengenezea karatasi, miaka mitatu baadaye akaongeza cha pili kule Nokia, maana mto wa kule ulikuwa na nguvu ya kuzungusha mitambo, halafu 1871 yeye na rafiki yake Leo Mechelin wakaandikisha kampuni wakaipa jina la mahali. Yaani Finland bado iko chini ya mfalme wa Urusi, simu yenyewe haijagunduliwa, Nokia ipo inauza karatasi.

SWALI: Anko, ni kweli Nokia walitengeneza magambuti ya mvua na makaratasi ya chooni au watu wanatupiga kamba? Na kama ni kweli walifikaje kwenye simu? (Mama Watatu, Mombasa)

JIBU: Kweli kabisa mama. Kulikuwa na kampuni tatu, ya karatasi hiyo ya Idestam, ya mpira iliyoanza 1898, na ya nyaya iliyoanza 1912. Zilikuwa tayari zinamilikiwa pamoja kwa miaka mingi, 1967 ndio zikaunganishwa rasmi. Kwa hiyo nembo ya Nokia ungeikuta kwenye buti, kwenye tairi la gari, kwenye waya wa umeme, baadaye mpaka kwenye TV na kompyuta.

Mlango wa kuingilia kwenye simu ni nyaya. Watu wa nyaya ndio walifungua kitengo cha elektroniki miaka ya 60, na nchi yao misitu mitupu na theluji, watu wanakaa mbalimbali, simu za redio zilikuwa na soko la uhakika. 1982 wakatoa Mobira Senator, simu ya kwenye gari, uzito wake kilo kumi hivi, huo ni mfuko wa unga wa familia! Baada ya miaka mitano wakashusha mpaka gramu 800 na Cityman, ile ambayo Gorbachev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, alipigwa picha Helsinki anaongea nayo, Wafini wakaibatiza jina Gorba.

Ila msidhani ilikuwa mteremko. Mwanzoni mwa miaka ya 90 Urusi ya Kisovieti ikasambaratika, naye alikuwa mteja wao mkubwa, uchumi wa Finland ukaporomoka na kampuni ikawa inapumulia mashine. 1992 wakampa uongozi Jorma Ollila, yeye akaamua mambo ya TV na nyaya na mengine yote yauzwe, wabaki na simu na mitambo ya simu. Mwaka mmoja kabla, tarehe 1 Julai 1991, waziri mkuu wao wa zamani Harri Holkeri alishapiga simu ya kwanza ya GSM, yaani mfumo wa simu za mkononi wa kidijitali, kwenye mtandao uliofungwa vifaa vya Nokia, na GSM ndio hiyo iliyokuja kufungwa mpaka kwetu. 1998 wakaipita Motorola, wakawa wa kwanza duniani.

SWALI: Anko mimi nakumbuka ile 1100 ya marehemu babu, ilianguka kisimani ikatolewa ikaanikwa ikawaka. Kampuni iliyokuwa inatujua hivyo ilikufaje? (Kijana wa Tabora)

JIBU: Pole kwa babu. Hiyo 1100 ya 2003 haikutufikia kwa bahati, iliundwa kwa ajili ya watu kama sisi. Kumbuka vile vitufe, ni shuka moja la mpira bila nafasi katikati, vumbi lisipenye. Pembeni ina mikwaruzo isiteleze mkononi ukiwa na jasho. Tochi unakishikilia kile kitufe cha C, inawaka juu, unaenda zako chooni usiku. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250, na simu ya bilioni moja ya Nokia ilikuwa 1100, iliuzwa Nigeria 2005. Mtafiti wao Jan Chipchase alikwenda Uganda akaona watu wanavyotuma hela kijijini kwa vocha, unamsomea mwenye kibanda namba za kukwangua, yeye anampa mama pesa taslimu na kukata chake. Na 1200 ya 2007 ikaja na vitabu vya namba tofauti kwa simu moja, maana walishajua simu moja inatumiwa na nyumba nzima.

Sasa kufa, hapana, haikufa. Iliuza kitengo cha simu kama ilivyouza cha mabuti. Kilichowashinda ni programu, bodi na betri walikuwa hawana mpinzani. 2007 ikaja iPhone, mwaka uliofuata Android, wao wameganda na Symbian, mfumo wao wa kuendeshea simu, ambao watengeneza programu walikuwa wanaulalamikia. Februari 2011 bosi mpya Stephen Elop, aliyetokea Microsoft, akaamua simu kubwa zihamie Windows, mfumo wa Microsoft, na mimi hapo ndipo naona waliteleza, kwa sababu programu za Windows zilikuwa chache na Android tayari inauzwa kila kona. Aprili 2014 kitengo cha simu kikaenda Microsoft, dili la euro bilioni 5.44, na Microsoft nao mwaka uliofuata wakafuta kwenye vitabu dola bilioni 7.6 kama hasara. Nokia wenyewe wakabaki na mitambo ya minara, 2016 wakamaliza kuinunua Alcatel-Lucent, kampuni ya mitambo ya simu ya Ufaransa, pamoja na Bell Labs, maabara ilipozaliwa transista 1947.

SWALI: Hizi Nokia mpya za madukani ni orijino? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Zinaweza kuwa. Tangu 2016 jina lilikodishwa kwa HMD, kampuni nyingine ya hukohuko Finland, ndio waliorudisha 3310 mwaka 2017. Feki pia zipo, tunakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walivyozima simu feki, watu walilia. Kabla hujatoa hela bonyeza *#06#, zile namba 15 zinazotokea zitume kwenda 15090, jibu linarudi na aina ya simu. Likitaja simu tofauti na uliyoishika, mrudishie muuzaji palepale.