Naweza Kuigeuza Safari Yangu ya Hija Kuwa Riwaya?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Mwaka jana Allah alinijaalia kwenda Hija. Kila usiku nilikuwa naandika kwenye daftari, na sasa nataka daftari hilo niligeuze riwaya, mhusika mkuu awe mwanamke wa kubuni. Nimeambiwa riwaya ni uongo, na kwamba ibada ikisimuliwa thawabu zake huondoka. Halafu yapo mawili yananitatiza. Usiku wa Muzdalifa, tukiokota kokoto za kurushia nguzo za Mina kwa mwanga wa simu, mama mmoja wa kundi letu aligeuka kutazama nyuma, kisha akanieleza habari ya mwanawe ambayo naamini hajamwambia mtu. Nataka hiyo ndiyo iwe moyo wa riwaya. Na mwishoni nataka mhusika amwote Mtume (s.a.w.) akimwambia Hija yake imekubaliwa. Inafaa?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Allah aikubali Hija yako, binti yangu.

Nianze na hilo la uongo, maana linawakwaza wengi. Uongo uliokatazwa ni kumfanya mtu aamini kisichokuwepo. Anayefungua kitabu kilichoandikwa "riwaya" hadanganywi. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga visa 50 vya Abu Zayd wa Saruj, na wanafunzi wa Kiarabu wakavisoma mbele ya masheikh zao kizazi baada ya kizazi. Katika utangulizi alijitetea kwa hoja ya nia, akakumbusha kwamba hakuna aliyewahi kuwatia hatiani wasimulizi wa ngano zinazowasemesha wanyama. Wapo wanazuoni waliokaza zaidi, nao nawaheshimu, lakini hoja ya walioruhusu naiona ina nguvu.

Ninachokihofia ni kitabu kinachojiita kisa cha kweli, kumbe ndani kimetiwa chumvi. Ibn Abbas (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba anayedai kuota ndoto asiyoiota atakalifishwa kufunga fundo kati ya punje mbili za shayiri, wala hataweza. Ameipokea Bukhari. Basi ukisema "mimi nililia hivi mbele ya Kaaba", iwe ulilia hivyo hivyo. Ukibuni, sema umebuni, na hata msomaji akikuuliza uso kwa uso, mjibu hivyo.

Kuhusu thawabu, kusimulia peke yake hakufuti ibada. Kinachoiharibu ni riya, yaani kuifanya ili watu wakuone na kukusifu. Na hapa, binti yangu, naona riwaya inakusaidia kuliko inavyokudhuru. Ukimvisha mwanamke wa kubuni sijda yako na machozi yako, hakuna atakayejua ni ya nani. Anayesimulia kwa jina lake hana pazia hilo. Ila usije ukalifungua mwenyewe kwa kumnong'oneza kila mtu kwamba yule ni wewe.

La huyo mama ndilo zito. Jabir (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) amesema: mtu akisema jambo kisha akageuka, basi hilo ni amana. Wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Wanazuoni wamefafanua kwamba kugeuka kwake ni kuangalia asije akasikika, na hivyo ni sawa na kusema "usimwambie mtu". Na wewe umeandika kwamba aligeuka kutazama nyuma kabla hajasema. Shingo yake imekwisha kukuusia, hata kama ulimi wake haukutamka.

Usijitulize kwamba utabadilisha jina. Mliosafiri pamoja mtamtambua, na yeye atajitambua kabla ya wote. Mtafute, umsomee ulichokusudia kuandika, umwombe idhini. Akisita, acha. Asipopatikana, acha pia. Kilicho chako kinabaki: wanawake wawili wameinama gizani, wanachagua kokoto za ukubwa wa punje ya dengu, wanazihesabu na kuzirudia. Siri ya huyo mama wa kwenye riwaya ibuni wewe, isifanane na ile uliyopewa.

Ndoto iondoe. Kumwona Mtume (s.a.w.) ndotoni ni haki, kwani shetani hajifananishi naye, lakini maneno utakayomtamkisha yatakuwa yako. Amesema: "Atakayenizulia uongo kwa makusudi, na ajiandalie makazi yake Motoni." Hata ndani ya riwaya siliruhusu, kwa sababu msomaji husahau kisa akabaki na maneno, akayapeleka kwingine kama hadithi ya Mtume.

Isitoshe, nani kati yetu ameambiwa kwamba Hija yake imekubaliwa? Bibi Aisha (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu wale waliotajwa katika Suratul Muuminun, aya ya 60, wanaotoa walichotoa na nyoyo zao zina hofu: je, ni walevi na wezi? Akajibiwa la, ni wanaofunga, wanaoswali na wanaotoa sadaka, nao wanaogopa visikubaliwe. Mwanamke wako na aifanye tawafu ya kuaga, kule kuizunguka Kaaba kwa mara ya mwisho, akiwa na hofu hiyo pamoja na matumaini yake, apande basi bila kujua.

Kabla hujachapisha, mpe anayezijua ibada za Hija akupitie kurasa zako. Yupo atakayejifunza Hija humo: asikute mhusika ameondoka Arafa kabla ya jua kuzama, akadhani ndivyo inavyofanywa.

Wallahu aalam.