Madogo wa maabara, kabla hamjashika maiki

Juzi nimesikiliza episodi ya kwanza ya podikasti ya idara, ile waliyorekodi madogo wetu wawili wa masta, dakika 52. Nilikuwa naosha vyombo nikasema ngoja niwasikilize wadogo zangu. Dakika 11 za mwanzo ni shukrani. Makamu mkuu wa chuo kashukuriwa, rasi wa ndaki kashukuriwa, mkuu wa idara, supavaiza, wafadhili, fundi mitambo, alafu mmoja anasema "itifaki imezingatiwa" kama yuko jukwaani anamkaribisha mgeni rasmi. Kwenye podikasti jamani! Mtu kasimama kwenye daladala, kashika bomba kwa mkono mmoja, hedifoni upande mmoja umekufa, anasubiri umwambie kitu kuhusu ugali atakaokula usiku. Dakika ya 12 wakaingia metodolojia. Nikazima, nikamalizia vyombo kwa hasira, ndo baadaye nikairudia mpaka mwisho.

Siwasemi kwa ubaya. Ni watoto wazuri na data zao safi kuliko zangu za umri ule. Ila kila mwaka ni yale yale, na mengine niliyaanzisha mimi mwenyewe, kwa hiyo hapa naandika huku uso umeniwaka kidogo. Kama unafanya utafiti wa sumukuvu kama sisi, ile sumu ya kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga, au unafanya kitu kingine kabisa na umeambiwa "kapeleke matokeo kwa jamii", soma hadi namba 3 hata kama mengine utaruka.

1. Mhadhara wa umma sio difensi, yaani kule kutetea tasnifu mbele ya watahini. Hakuna mtahini wa nje anayekuvizia kwenye jedwali la nne. Kwenye difensi unaanza na usuli, unapita kwenye mbinu, matokeo yanakuja watu wameshapiga miayo. Mtaani geuza, anza na kile ulichokikuta, mbinu watakuuliza wenyewe wakitaka, na huwa wanataka, watu wa mtaani wanauliza "mlijuaje?" kuliko baadhi ya maprofesa. Kuna mwaka tulikuwa na banda Nanenane, tumebandika bango lile lile la kwenye kongamano, Kiingereza juu mpaka chini, katikati ule mchoro wa ukoo wa kuvu wenye matawi matawi. Mzee mmoja akasimama pale, kaweka mikono nyuma, anausoma kwa heshima zote. Dakika kama tano hivi. Mwisho akanigeukia: "Kijana, huu mti gani umekauka hivi?" Nikaanza kumweleza kuhusu vinasaba. Akanisikiliza kwa adabu, akaenda banda la jirani kuangalia mbuzi wa maziwa, na kwa kweli hata mimi ningeenda.

2. Namba zitakugeuka. Kiwango cha juu cha sumukuvu kinachoruhusiwa kwetu kwenye mahindi ni sehemu 10 kwa bilioni. Wewe umeshazoea, unaitaja kama bei ya nyanya. Mimi niliitaja hivyo kwenye mkutano wa kijiji, "kumi kwa bilioni", mzee mmoja akainuka nyuma kule akauliza hizo bilioni kumi za mradi zimeliwa na nani, mwenyekiti akaanza kujitetea, kikao kikaishia hapo. Tangu siku hiyo natumia lori. Punje ya mahindi ina kama gramu 0.3, kwa hiyo lori la tani 30 lina punje kama milioni 100, na ile 10 kwa bilioni ni punje moja tu ndani ya lori zima. Watu wanaelewa papo hapo, wanacheka, wanapiga makofi. Alafu mmoja anasema aah, kama ni kidogo hivyo si tunakula tu. Ndo hapo mfano wako mzuri umekuuma, maana ulitaka kusema sumu hii ni kali mpaka punje moja kwenye lori inahesabika, na wao wamesikia ni kidogo. Mfano mzuri usiuache katikati ya sentensi, umalizie mwenyewe kabla hawajakumalizia.

Na ile stori ya batamzinga wa Uingereza mwaka 1960, zaidi ya laki moja walivyokufa mpaka ikagundulika ni chakula chao cha karanga, naipenda sana, ila madogo wameieleza dakika sita. Sekunde ishirini zinatosha. Neno "sumukuvu" lenyewe limeshafanya nusu ya kazi, sumu, kuvu, basi, hata bibi yako anaelewa.

3. Hii ndo sababu ya andiko lote, na sijawahi kuieleza vizuri hata kwa supavaiza wangu.

Ilikuwa 2017. Mwaka uliotangulia Dodoma na Manyara walikuwa wamepoteza watu kwa sumukuvu, watu waliugua, wengine wakafa, hofu ilikuwa bado mbichi. Mimi ndo natoka fildi na sampuli zangu, masta haijaisha, redio moja ikaomba mtu wa chuo aje kipindi cha asubuhi. Wakubwa wako safari. Nikaenda mimi. Nilivaa tai, kwenda redioni.

Nilivyokaa mbele ya maiki nikawa mtu mwingine. Nikasema Kenya 2004 walikufa watu 125, nikatulia kidogo ili iingie, nilikuwa nimeifanyia mazoezi ile kutulia. Alafu nikataja asilimia ya sampuli zangu zilizokutwa na sumukuvu. Asilimia yenyewe leo siitaji, nimeshaadhibika vya kutosha. Sikusema kwamba nyingi kati ya hizo hazikuvuka kiwango kinachoruhusiwa. Nilisema tu "zimekutwa na sumukuvu". Na mtangazaji aliponiuliza sampuli zimetoka wapi, nikataja soko. Kwa jina. Nilikuwa nimesaini fomu ya maadili, nimewaahidi watu wote siri, na nikalitaja soko hewani kama natangaza matokeo ya mpira.

Simu zikafunguliwa. Wa kwanza bibi mmoja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza taratibu kabisa: "Sasa mjukuu wangu, tule nini?"

Nikajibu kwamba hilo linahitaji utafiti zaidi.

Mtangazaji alicheka. Bibi hakucheka, alikaa kimya mpaka laini ikakatika. Na mimi majibu nilikuwa nayo! Kausha mahindi juu ya turubai au kichanja sio kwenye udongo, chambua punje zilizobadilika rangi na zilizovunjika, usidhani kupika kutaiondoa maana haiondoki, kukoboa kunapunguza. Kama huna kipimo cha unyevu chukua chupa ya glasi kavu, weka mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, subiri, chumvi ikigandia ukutani mwa chupa mahindi hayajakauka, rudisha juani. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani, nilishayaandika kwenye sura ya pili ya tasnifu yangu kwa Kiingereza kizuri tu. Ila nilijiandaa kwa maswali ya mtahini, sikujiandaa kwa swali la mtu mwenye njaa.

Jioni klipu ilikuwa WhatsApp. Sekunde 40, asilimia pamoja na jina la soko, na mwishoni kicheko cha mtangazaji. Grupu la familia ilifika kabla sijafika nyumbani, mama yangu akaniuliza kama unga wa ndani autupe.

Siku ya tatu nikapigiwa na mama mmoja wa pale sokoni, ana mashine na anasaga unga wa lishe. Huyu ndo alinipokea fildi. Alinipa mahindi yake bure, akanipa na stuli ya kukalia, alikuwa akiniita mwanangu daktari wakati hata masta sina. Hakunifokea. Alisema, "Mwanangu, uliniambia jina langu halitatoka." Nikasema mama, jina halijatoka. Akaniuliza, "Hapa sokoni mashine za unga wa lishe ziko ngapi?"

Ilikuwa moja. Ya kwake.

Nikapanda basi kesho yake. Nilimkuta kakaa na magunia, mifuko ya unga imepangwa vizuri haijaguswa. Akanikaribisha, akanipa kikombe cha uji. Akakaa mbele yangu akawa ananiangalia mkono. Na pale ndo nikakumbuka kitu ambacho mpaka leo kikinijia usiku nageuka upande wa pili: sampuli yake ilikuwa safi. Safi kabisa, iko kwenye jedwali, mstari una namba badala ya jina, nilikuwa nayo kwenye laptopu tangu miezi miwili nyuma. Nikanywa uji wote, nikamwambia. Akauliza, "Sasa mbona hukuniambia?"

Nikasema tulikuwa tunasubiri kuchapisha. Ni kweli, tulikuwa tunasubiri. Jaribu siku moja kumwambia mtu hivyo ukiwa umekaa kwenye stuli yake.

Redio walinirudisha hewani wiki iliyofuata, niliomba mwenyewe, nikaeleza yote tena na viwango na chupa ya chumvi. Hiyo klipu hakuna aliyeikata. Wateja walimrudia pole pole sana, wengine hawakurudi. Bado ananipigia sikukuu.

Kwa hiyo, matokeo yanaanza kwa waliokupa sampuli, kwa simu au kwa miguu, kabla ya redio na kabla ya podikasti. Jarida halikatazi mtu kuambiwa kuhusu mahindi yake mwenyewe, na kama huna uhakika muulize mhariri, usijifichie huko. Mahali usitaje kama pana mashine moja. Na kabla hujaingia studio andika zile sekunde 40 ambazo wewe ungependa zikatwe, maana watakata tu.

4. Zima feni. Najua Dodoma joto, zima.

5. Rekodi mono, yaani sauti ya mkondo mmoja, toa faili jepesi la 64 kbps. Nusu saa inakuwa kama MB 14. Madogo wamepandisha faili la 320 kbps, hizo dakika 52 ni kama MB 125, mwanakijiji gani ana bando la kuchezea hivyo.

6. Simu kwenye eropleni modi. Dakika ya 31 ya episodi yetu kuna mtu anaitwa "beibi" na sio sauti ya mgeni.

7. Usimalize na "utafiti zaidi unahitajika". Unahitajika kweli, mwambie mfadhili.

8. Supavaiza akitaka kusikiliza kabla haijatoka mpe, ila akikurudishia maoni ya kuongeza fasihi tangulizi, yale maandiko ya waliokutangulia, sema ahsante profesa, alafu usiongeze. Mimi ni supavaiza sasa, nawaruhusu, ila msiniambie.

Nyie wawili, sijaifuta episodi, nimeiondoa tu kwa muda. Tunarekodi upya Alhamisi saa nane mchana, chumba kile chenye mapazia. Mmoja aje na chupa ya glasi iliyokauka vizuri na chumvi ya mawe iliyosagwa, mwingine aje na mahindi aina mbili, makavu na yale ya jana yaliyonyeshewa pale nyuma ya maabara. Tutatikisa mbele ya maiki watu wasikie. Na yule mama nimeshaongea naye, atakuwa kwenye simu kuanzia mwanzo, kasema yeye ndo atauliza maswali.