Usizime masasisho ya programu-jalizi. Punguza programu-jalizi zenyewe

Ndugu wa Sengerema, umeuliza kama uzime kabisa masasisho ya programu-jalizi za kivinjari, yaani programu zinazopachikwa kwenye kivinjari ili kukiongezea uwezo, katika kompyuta zako 4, kwa kuwa yanakumalizia bando na yanawakatiza wateja wakiwa katikati ya kujaza fomu. Nakujibu nikiwa mtu niliyewahi kuyazima, na yakanifika.

Nina steshenari Nyegezi, si mbali na stendi ya mabasi, na tangu 2012 wateja wangu wengi ni wanafunzi wa vyuo. Enzi zile nilikuwa na kompyuta 6 zilizotegemea modemu moja, na karibu kila tovuti yenye video ilidai Flash Player, programu-jalizi ya Adobe ya kuonyesha video, huku mifumo kadhaa ikidai nyingine iitwayo Java. Adobe ilizoea kutoa masasisho ya Flash Jumanne ya pili ya mwezi, na mwanya wa hatari, yaani kasoro ambayo mhalifu anaweza kupitia, ukigunduliwa kabla ya hapo, toleo jingine lilitoka bila kungoja siku hiyo. Kila kompyuta ilipakua faili lake, kwa hiyo kitu kilekile nilikilipia mara 6, mpaka nilipojua kwamba ningeweza kupakua kisakinishi kamili mara moja na kukihamisha kwa flashi ya USB. Mwanafunzi akiwa ukurasa wa tatu wa maombi ya mkopo, kidirisha kinajitokeza, kivinjari kinataka kifungwe, na yote aliyoyajaza yanapotea huku foleni nyuma yake ikirefuka. Hasira yako naielewa vizuri sana.

Mwaka 2014 nikayazima yote. Kwa miezi michache bando lilidumu na hakuna mteja aliyelalamika. Kisha kijana mmoja akafungua tovuti ya kuangalia mpira, kikatokea kidirisha kinachosema kwamba Flash Player imepitwa na wakati, naye akabonyeza. Simlaumu hata kidogo, kwa sababu kidirisha kile kilifanana na cha kweli, na kwa kuwa Flash yetu ilikuwa kuukuu kwelikweli, tovuti za halali nazo zilikuwa zikimwambia hivyohivyo. Kilichoingia hakikuwa Flash. Ndani ya siku mbili folda zilizokuwa kwenye flashi za wateja zilianza kugeuka njia za mkato, nami nikalazimika kushinda Jumapili nzima nikifuta kompyuta zote 6 na kusakinisha kila kitu upya. Binti mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa amehifadhi sura mbili za utafiti wake katika kompyuta yangu, na sikuweza kuzirudisha. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Masasisho yale yalikuwa mengi kwa sababu Flash na Java zilikuwa programu kamili zilizopachikwa kwenye kivinjari na kuruhusiwa kuendesha maagizo yaliyotoka tovuti yoyote, hivyo mwanya mmoja uliweza kumfikisha mhalifu kwenye kompyuta yenyewe. Mwaka 2015 pekee, mianya zaidi ya 300 iliorodheshwa katika Flash, na Julai ya mwaka huo Firefox iliizuia kwa muda hadi toleo lililorekebishwa lilipopatikana. Vivinjari navyo vikachoka: Chrome iliacha kabisa kupokea programu-jalizi za mtindo wa zamani, ikiwamo Java, Septemba 2015, Firefox ikafuata Machi 2017 na kubakiza Flash peke yake, na Adobe ikaacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020.

Mabadiliko hayo nayo yaliumiza watu. Mama mmoja anayesafirisha dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba, alitegemea mfumo uliohitaji Java, nami nikamtengea kompyuta moja yenye Firefox 52 ya huduma ya muda mrefu, toleo maalumu ambalo bado lilikubali Java na liliendelea kupata marekebisho ya usalama hadi Septemba 2018. Hakuna mteja mwingine niliyemruhusu kuigusa.

Siku hizi, badala ya programu-jalizi zile za zamani, tuna viendelezi, yaani programu ndogo za kuongeza kwenye kivinjari, ambavyo hujisasisha kimyakimya na faili zake kwa kawaida ni ndogo. Kinachokula bando lako zaidi, kwa maoni yangu, ni Windows na kivinjari chenyewe. Hata hivyo, ukimya huo unahitaji tahadhari. Kiendelezi cha The Great Suspender, kilichokuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2, kilibadilisha mmiliki mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa sababu kilikuwa na msimbo hasidi, yaani maagizo ya programu yenye nia mbaya. Waliokuwa nacho hawakuwa wamebonyeza chochote.

Kwa hiyo mimi nabakiza kiendelezi kimoja tu, cha kuzuia matangazo, ambacho pia hupunguza matumizi ya bando: uBlock Origin kwenye Firefox, na uBlock Origin Lite kwenye Chrome, baada ya Chrome kuacha viendelezi vya mfumo wa zamani. Faili za PDF na video hufunguliwa na kivinjari chenyewe bila nyongeza. Wateja hutumia akaunti ya kawaida, si ya msimamizi. Kila siku saa 1 asubuhi, kabla sijafungua mlango, nawasha kompyuta zote, naacha kivinjari kijisasishe, nakifunga na kukifungua tena, ili mteja wa saa 2 asikatizwe.

Kwenye kompyuta zako, anza kwa kuondoa Flash popote ilipobaki, na uwaambie wateja kwamba kidirisha chochote kinachodai isasishwe ni cha matapeli. Ile moja uliyosema ina Windows 7 haipati tena Chrome mpya, kwani toleo la mwisho kwake lilikuwa la 109, mwanzoni mwa 2023. Iache ichape na kuprinti, lakini usimruhusu mtu kuingiza humo nywila yake.