Kabla Hujanunua Rangi, Mpe Mtoto Mkaa

Wiki iliyopita dada mmoja wa Makambako aliniandikia. Amepata kiwanja kidogo jirani na ofisi ya mtaa wao, amepata na mtu wa kumsaidia fedha, anataka pawe mahali pa watoto kuchezea. Ameuliza anunue rangi ya mafuta au ya maji, na wanyama gani wakichorwa ukutani watawapendeza watoto zaidi. Nimekaa na swali lake siku tatu. Limenitonesha kidonda, maana miaka sita iliyopita mimi mwenyewe nilikuwa naulizia hayo hayo.

Wanaonifahamu wanajua kazi yangu ni kuchora. Saluni, gereji, vibanda vya mama lishe, hapa Mbeya nimeviandika na kuvichora tangu nikiwa kijana. Siku nilipoitwa kupamba ukuta wa kiwanja cha watoto huku mitaa ya juu, kwenye miguu ya mlima Loleza, niliona Mungu amenikumbuka. Nilichora twiga, tembo, upinde wa mvua, na mlima wenyewe ukiwa umesimama nyuma yao. Wiki mbili nzima niko juu ya ngazi. Watoto waliletwa siku ya mwisho, wamevaa sare, wakapewa brashi zilizokwisha kuchovywa rangi, wakapigwa picha, wakarudishwa darasani. Wageni walipiga makofi. Nilitokwa na machozi ya furaha.

Mwaka haukuisha, ukuta ule ukapakwa tangazo la biashara. Niliumia, kama ambavyo mchoraji yeyote angeumia. Lakini hapo chini palikuwa na watoto wanacheza gololi, nikawauliza ile picha imeenda wapi. Wakatazamana. Mmoja akanijibu kwa adabu kabisa: "Picha ipi, anko?"

Mpaka leo neno hilo linanichoma.

Baadaye sana rafiki yangu mwalimu alinieleza maandishi ya Roger Hart, yaliyotolewa na UNICEF mwaka 1992. Hart anaupanga ushiriki wa watoto kama ngazi yenye vidato 8, na vitatu vya chini kabisa havihesabu kuwa ushiriki: kuwatumia watoto kwa shabaha za wakubwa, kuwafanya mapambo, na kuwaweka kwa jina tu. Mapambo! Niliwaona wale watoto na brashi zao. Mimi niliyejiita msanii wa watoto, nilikuwa nimewageuza maua ya mezani.

Nafasi ya pili niliipata mtaa mwingine, na safari hii nilisema sigusi rangi kabla watoto hawajachora. Hata hivyo nilikosea tena. Niliwaambia, "Choreni uwanja mnaoutaka." Wakachora bembea, nyumba ya ghorofa, bendera, na ua moja kubwa kuliko nyumba. Karibu wote walichora hivyo hivyo, na watoto wale hawajawahi kupanda bembea. Walikuwa wananichorea walichokiona kwenye runinga na kalenda, au walichodhani mwalimu atakipa vema.

Jumamosi iliyofuata nikabadili swali. Tulipasua mifuko mitupu ya saruji, tukaigeuza upande msafi, kila mtoto akapewa kipande cha mkaa. Nikawaketisha wakipeana migongo, kwa sababu watoto humwigiza yule anayesifika kwa kuchora. Nikasema: "Nichoreeni jana. Ulitoka wapi, ukapita wapi, ulicheza wapi, na nani."

Hapo ndipo macho yangu yalipofunguka. Binti mmoja wa darasa la nne alichora mstari mrefu kutoka nyumbani hadi bombani. Kando ya bomba akaweka viduara vidogo, na mgongoni mwake kitu kama kiazi. Nikamuuliza huo mzigo ni nini. "Ni mdogo wangu. Huwa tunacheza rede tukisubiri foleni ya ndoo." Nilipita karatasi kwa karatasi. Wasichana karibu wote walikuwa na ndoo au mtoto mgongoni, na mistari yao haikufika kwenye uwanja wa mpira, mahali ambapo sisi watu wazima tulishakubaliana kuweka kila kitu.

Kwenye mkutano wa mtaa mzee mmoja aliuliza watoto wanajua nini. Nilimtajia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwamba kifungu cha 11 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Alinisikiliza tu. Kilichogeuza mkutano ni karatasi zile za mifuko tulizozibandika ukutani. Bibi mmoja alisogea, akatazama mchoro wa mkaa kwa muda mrefu, akasema, "Huyu aliyebeba mtoto ni mjukuu wangu. Kumbe hachezi mpaka nimtume maji." Baada ya hapo hakuna aliyezungumzia uwanja wa mpira.

Tulijenga bombani. Watoto wakachora chini kwa chaki pale wanaposimama kucheza rede, sisi tukafuata mistari yao, hata iliyopinda. Fundi uashi akazungusha kibaraza cha duara, kimo cha goti, wadogo wakae ndani na dada zao wawaone huku wanacheza. Wavulana wakaomba matairi ya lori yazikwe nusu kwenye mteremko. Matairi hatukuyakosa: gereji za barabara ya Tunduma zilitupatia bure. Yatoboe matundu, yasituamishe maji yakazalisha mbu, na kagua nyaya zilizochomoza.

Asikuambie mtu huo ni umaskini. Aldo van Eyck, msanifu majengo wa Uholanzi, alianza mwaka 1947 kutengeneza viwanja vya watoto kwenye vipande vya ardhi visivyotumika Amsterdam, na alisanifu zaidi ya 700. Vifaa vyake vilikuwa visanduku vya mchanga, mawe ya kurukia, mabomba ya chuma yaliyokunjwa. Hakuwawekea tembo, kwa sababu mtoto akiachiwa jiwe tupu, tembo anamleta mwenyewe.

Mistari yetu hufutika kila masika. Na kila masika yakiisha watoto huirudishia kwa chaki na mkaa bila kuitwa na mtu, na kila mara wanaongeza kitu. Sasa kuna nyoka mwenye vyumba vya kuruka kwa mguu mmoja ambaye mimi sikumchora. Wenyeviti wa mitaa mingine wamekuja kumtazama. Najivunia nyoka yule kuliko kazi zangu zote za brashi.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoota viwanja vya watoto, na najua mko wengi, muulizeni mtoto kwanza. Msimsahihishe mchoro wake. Msimwambie mtu hana shingo ndefu hivyo, wala msimshikie mkono. Ukishamkusanyia mtoto mawazo halafu ukajenga ya kwako, umemfundisha kwamba kuulizwa ni uongo, na atakuwa mtu mzima asiyesema kitu mkutanini. Muulize, halafu tii angalau jambo moja kubwa alilokuambia, alione kwa macho yake. Msanii mwenzangu, teremka kwenye ngazi. Chuchumaa.

Dada wa Makambako, swali la rangi sijalisahau. Ya mafuta ukiipaka sakafuni huteleza ikinyesha, hivyo ichanganye na mchanga laini, na saruji mpya iache wiki kadhaa kabla ya kupaka. Lakini hela ya rangi bado usiitoe. Tafuta mifuko mitupu ya saruji na debe la mkaa, uwaite watoto, na wale wanaolea wadogo zao waje nao. Jumamosi nitapanda basi la kwanza.